Mke wangu huwalilia majirani wa zamani, kwangu hatoi hata chozi

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mume wa miaka 41, mke wangu ana miaka 36 na tuna mtoto mmoja wa miaka minane. Miezi 14 iliyopita jengo tulilokuwa tukikaa liliungua usiku. Sisi tulitoka salama, ila watu watatu walifariki, mmoja wao jirani wa mlango wa pili ambaye tulikuwa tukienda kazini pamoja. Mwezi haukuisha nikaihamisha familia yangu mbali ili tusahau. Tatizo ni mke wangu. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, anarudi kule kukutana na wenzake walionusurika. Wanakaa, wanazungumza, wanalia. Akirudi nyumbani yuko kimya, nikimuuliza hana la kusema. Kuna mzee mmoja mgane anayemsikiliza sana, jambo ambalo silipendi. Mama mkwe ndiye anayempa nauli na kukaa na mtoto, na sasa mtoto anamng'ang'ania bibi yake kuliko mimi. Mimi nilishayaacha yaliyopita, ingawa usingizi si mzuri na huamka mara tatu nne kukagua swichi na mtungi wa gesi. Mwezi uliopita nilimkataza mke wangu asiende tena. Tangu hapo hatuongei. Nifanye nini arudi kwangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa moto, pole kwa jirani yako, na pole kwa usiku wote uliokesha tangu siku ile.

Sasa nikueleze nilichokiona. Unasema uliyaacha yaliyopita, kisha sentensi hiyohiyo inasema unaamka mara tatu nne kukagua swichi. Aliyeyaacha hakagui. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nawe unashtuka kila usiku ndani ya nyumba isiyo na moshi. Yule jirani mliyekuwa mkienda kazini pamoja umemtaja mara moja tu, ukakimbilia habari za mkeo. Hata kusema alikuwa rafiki yako hukusema.

Mimi si daktari na sikupimi kwa barua. Ila mwili unaokesha kulinda, mtu anayekwepa mahali na watu wanaomkumbusha, moyo unaojitenga na walio karibu nao, hayo yanajulikana. Ni dalili za kiwewe, na wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliuandika rasmi ugonjwa huo mwaka 1980. Zikipita mwezi mmoja bila kutulia, mtu anatakiwa aonwe. Wewe una miezi 14. Uliketi kuandika shida ya mkeo, mkono wako ukaandika yako.

Kwa mkeo sina lawama, na katika ugomvi huu niko upande wake waziwazi. Unasema akirudi yuko kimya. Je, unamuuliza vipi? Mwanamke anayetoka kwa watu ambao anajua mumewe hawataki, akapokewa mlangoni na swali, atajibu nini? Ulipohama "ili tusahau", ulimwambia bila kutamka kwamba kukumbuka ni kosa ndani ya nyumba yako. Naye anakumbuka. Basi akatafuta nyumba nyingine ambako kukumbuka si kosa, na bahati nzuri ipo, ina watu waliokimbia ngazi zilezile, waliomeza moshi uleule, ambao hahitaji kuwaeleza chochote.

Huyo mzee unayemwonea wivu umeandika mwenyewe kwamba ni mgane. Hukusema mkewe alifariki lini. Walikufa watu watatu ukanieleza mmoja tu, na hisia yangu ni kwamba mke wa huyo mzee yumo katika wawili waliobaki. Kama ndivyo, mwanangu, unamwonea wivu mtu aliyepoteza usiku ule kitu ambacho wewe ulitoka nacho umekishika mkono.

Mwaka 2000, mwanasaikolojia Chris Brewin na wenzake wa London walikusanya tafiti 77 za watu wazima waliopitia majanga, wakitaka kujua kwa nini wengine huugua kiwewe na wengine hawaugui. Kukosa watu wa kukushika baada ya janga kulionekana kuwa na uzito kuliko umri wa mtu, au kama ni mwanamume au mwanamke. Hilo neno "baada" ulisome mara mbili. Moto ulizimwa usiku uleule. Mengi yaliyofuata yalitegemea nani alikuwa na nani asubuhi yake, na mwezi wake, na mwaka wake. Wewe mwezi haujaisha ukawabeba wako ukawapeleka mahali ambapo hakuna aliyejua mmetoka wapi. Sikulaumu kwa kuogopa. Ila hofu yako ndiyo iliyochagua nyumba mnayoishi, na mkeo akaifuata kwa sababu anakupenda, tena bila kumwandikia shangazi barua ya malalamiko.

Mwanasaikolojia mwingine, James Coan wa Marekani, mwaka 2006 aliwalaza wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine inayoonyesha ubongo unavyofanya kazi, wakijua wanaweza kupigwa shoti ya umeme. Mwanamke alipokuwa peke yake, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilichachamaa. Aliposhikwa mkono na mumewe, zilipoa. Mkono wa mgeni asiyemjua nao ulisaidia, japo kidogo. Na kadiri ndoa ilivyokuwa njema, ndivyo mkono wa mume ulivyotuliza zaidi. Nilipolijua jambo hilo nilikaa nalo siku nzima. Mkeo anashikwa mkono na majirani. Wako uko wapi? Saa tisa za usiku uko kwenye mtungi wa gesi.

Na hapa niwaambie wote mnaosoma, maana barua za namna hii zinanifikia nyingi. Ndoa za siku hizi zimebebeshwa mzigo usio wake. Watu wawili wanaingia ndani, wanafunga mlango kwa dunia nzima, kisha kila mmoja anamtaka mwenzake awe mpenzi, rafiki, ndugu, mshauri, tabibu na mfuta machozi. Binadamu wa kazi zote hizo hajazaliwa. Akishindwa, anaambiwa amebadilika. Akitafuta pa kupumulia kwa dada yake, kwa rafiki wa utotoni, kwa wenzake wa msiba mmoja, anaambiwa anatoa siri za nyumba. Nawaambia, mtu ni watu. Mwaka 2010 mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walichambua tafiti 148 zenye watu zaidi ya laki tatu, wakakuta wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa asilimia 50 zaidi wa kuwa hai mwisho wa utafiti kuliko wapweke. Hayakuhesabiwa ya mume na mke peke yake. Walihesabiwa jamaa, marafiki na vikundi ambamo mtu anajiona ni mmoja wao. Ukimkata mwenzio na watu wake, umemkata na afya yake, hata kama ulifanya kwa mapenzi.

Sisemi kila mkusanyiko ni dawa. Wapo watu wanaokupenda ukiwa unalia tu, siku ukicheka wanakuona msaliti. Wapo wanaomlazimisha mtu asimulie asichotaka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, linaagiza kutazama, kusikiliza na kumuunganisha mtu na msaada, bila kumbana aseme. Ukienda kule ukabanwa, inuka uondoke bila aibu. Lakini kwa maelezo yako hujafika hata mara moja, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mama mkwe naye umemtia katika mashitaka. Mama huyo anatoa nauli yake na wikendi zake. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner alifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi wakawa watu wazima. Miongoni mwa waliolelewa katika shida nyingi, theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye kujiamini na kujali wengine, na jambo moja lililojirudia katika maisha yao ni mtu mzima mmoja thabiti wa kumwegemea. Si lazima awe mzazi. Kwa baadhi alikuwa bibi au babu. Mwanao alikuwa ndani ya jengo lile pia, mwanangu, ingawa barua yako imemtaja kana kwamba alikuwa kwingine. Amemshika bibi yake kwa sababu bibi yake hatikisiki. Mpigie mama yule simu umshukuru, wala usichanganye shukrani hiyo na neno jingine lolote.

Katazo lako liondoe leo. Usimwambie mkeo "nimekuruhusu", maana hukuwa na haki ya kukataza. Mwambie ulikosea. Wiki hii nenda hospitali uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, umweleze habari za usiku, umweleze kila kitu ulichonificha mimi. Tiba ya mazungumzo ya kiwewe ipo na watu wanapona. Na kama kuna usiku unaotamani usingetoka katika jengo lile, usisubiri wiki iishe, mwambie mtu leo hii.

Jumamosi yao ikifika, mwombe mkeo mwende wote. Kaa nyuma, nyamaza ukitaka, ondoka mapema ukizidiwa. Lakini kabla ya Jumamosi hiyo, usiku mmoja ukiamka kukagua swichi, usirudi kitandani kimyakimya. Mwamshe mkeo umwambie habari za jirani wa mlango wa pili. Anza na jina lake, halafu mwambie mlikuwa mnazungumza nini njiani mkienda kazini. Kisha niandikie tena, nami nitataka kusikia mkeo alisema nini.