Fotoni moja hupita mwanya upi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma Fizikia kidato cha sita. Tunafundishwa kwamba mwanga ni wimbi na papo hapo ni chembe. Nakariri kwa ajili ya mtihani, ila moyo unakataa. Kwenye jaribio la Young, mwanga unapopitishwa kwenye mianya miwili myembamba hadi ukutani, ile michirizi ya mwanga na giza si inatokea kwa kuwa fotoni, yaani chembe za mwanga, ni nyingi na zinagongana? Na ikipita fotoni moja tu, inapita mwanya upi?

Jibu: Marahaba. Wazo la kugongana wanalo wengi, na lilishajibiwa zamani. Mwaka 1909, G. I. Taylor, mwanafizikia kijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliufifisha mwanga wa mwali wa gesi kwa vioo vyenye masizi, akauelekeza kwenye sindano, ili upite pande zake mbili kama unavyopita mianya miwili. Ulikuwa hafifu kiasi kwamba ilikuwa nadra fotoni mbili kuwa njiani kwa wakati mmoja. Kioo chenye dawa ya kunasa picha akakiacha kwa takriban saa 2,000, karibu miezi mitatu. Kilipooshwa, kandokando ya kivuli cha sindano ilikuwapo michirizi ile ile, dhahiri vile vile. Fotoni haikuwa na mwenzake wa kugongana naye.

Siku hizi tuna vifaa vinavyonasa fotoni moja moja. Kila moja huacha nukta moja, mahali pamoja. Nusu fotoni haijawahi kuonekana. Nukta mia za kwanza zimetapakaa kama mtama uliomwagika sakafuni. Subiri zifike makumi elfu, michirizi inajichora yenyewe. Hapo ndipo penye jibu lako: mwanga hupokelewa kwa punje, lakini pa kuangukia punje hizo panapangwa na wimbi, nalo hupita mianya yote miwili. Ukiweka kifaa cha kubaini mwanya uliopitwa, utajibiwa kila mara, mwanya huu au ule, ila michirizi itafutika.

Kuna hoja nyingine inayoonyesha punje hizo. Mwanga mwekundu wa taa, hata uwe mkali namna gani, hauwezi kung'oa elektroni kwenye zinki. Urujuanimno, mwanga usioonekana wenye masafa makubwa zaidi, unaweza hata ukiwa hafifu. Einstein alieleza sababu mwaka 1905: nishati ya kila fotoni inategemea masafa ya mwanga (idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde), si ukali wake.

Usiniamini kwa maneno tu. Chukua leza nyekundu ya kuonyeshea ubaoni (isielekee jicho la mtu kamwe), nyoosha unywele mmoja mbele yake, zima taa. Ukutani, mita 2 mbele, utaona vipande vyekundu vilivyotenganishwa na giza, kushoto na kulia. Leza ya miliwati 1 hutoa takriban fotoni trilioni 3,000 kila sekunde, ndiyo maana huoni nukta. Pima nafasi kati ya giza moja na linalofuata upande ule ule. Zidisha urefu wa wimbi, nanomita 650, kwa mita 2, ugawe kwa nafasi hiyo. Jibu ni unene wa unywele: nafasi ikiwa sentimita 1.6, unywele wako una unene wa takriban milimita 0.08.