Gitaa la Kurt Cobain halitafutwi kwa bei

Mwezi Mei 2022 gitaa la buluu la Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya Nirvana, Fender Mustang ya mwaka 1969, lilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 4.5. Ndilo analolipiga kwenye video ya wimbo wa “Smells Like Teen Spirit”. Miaka miwili kabla yake, Martin D-18E, gitaa alilopiga kwenye kipindi cha televisheni cha MTV Unplugged mwaka 1993, ilikuwa imechukuliwa kwa dola milioni 6. Bei hizo zinawapoteza vijana wanaoniuliza wanunue nini ili wapate mlio wa Nirvana. Mustang ilianza kutengenezwa 1964 kwa ajili ya wanafunzi, na Cobain aliipenda ikiwa bado gitaa la mtumba la bei nafuu.

Napiga kwa mkono wa kushoto kama yeye, kwa hiyo naanza na wenzangu. Ukiingia dukani utakuta magitaa yote ni ya mkono wa kulia. Usikate tamaa na usilazimike kubadili mkono. Hata ile Martin ya MTV ilitengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia, ikageuzwa. Tafuta gitaa ambalo pembe zake mbili, zile zilizochomoza pande zote za shingo, zinakaribia kulingana, ili ukiligeuza upande wa chini usikuzuie kufikia noti za juu. Halafu mpelekee fundi: kile kipande chenye mifereji kinachopokea nyuzi karibu na kichwa lazima kibadilishwe, maana uzi mnene hauingii kwenye mfereji wa uzi mwembamba. Kitufe cha mkanda kihamishwe. Urefu wa kila uzi upangwe upya kwenye daraja, kile kipande kilichopo kwenye mwili wa gitaa ambacho nyuzi hulalia, la sivyo sauti itakuwa sawa karibu na kichwa na kupotoka kila unapopanda shingo.

Kama mkono wako ni mdogo, shingo fupi ni neema. Mustang na Jaguar, gitaa jingine la Fender, zina nyuzi zenye urefu wa inchi 24, Stratocaster, nayo ya Fender, inchi 25.5. Tofauti hiyo utaisikia vidoleni siku ya kwanza. Lakini uzi mfupi hulegea, hasa ukishusha tyuni jinsi Cobain alivyofanya mara nyingi, kwa hiyo funga nyuzi nene kidogo. Mimi sishuki chini ya seti ya 10 kwenye shingo fupi (yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.010), na nikishusha tyuni nafunga 11.

Sasa pikapu, kile kifaa cha sumaku na koili ya waya kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, na hapa ndipo pesa yako iende. Jaguar ya 1965 aliyozunguka nayo enzi za albamu ya “Nevermind” haikuwa na pikapu za kiwandani. Iliwekwa pikapu za kampuni ya DiMarzio zenye koili mbili, na kazi hiyo ilishafanywa kabla yeye hajaipata. Pikapu ya koili moja ikisukumwa na pedali ya distoshoni, kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza mlio, inavuma na kuwa nyembamba. Ya koili mbili inabaki nzito na imetulia. Gitaa la bei ndogo lenye shingo iliyonyooka na pikapu nzuri karibu na daraja, pamoja na pedali ya distoshoni ya Boss DS-1 ya mtumba, litakufikisha karibu kabisa na mlio ule. Mlio wa maji kwenye “Come As You Are” unatoka kwenye pedali ya korasi, Small Clone. Hakuna gitaa litakalokupa.

Daraja la Mustang nalo huyumba kwa mtu anayepiga kwa nguvu. Madaraja ya Mustang za Cobain yalibadilishwa yakawekwa yasiyotikisika. Ukinunua gitaa la aina hiyo, fanya hivyo mapema.

Cobain alipotaka gitaa la kubuni mwenyewe alikata picha za Jaguar na Mustang, akazigandisha pamoja, akawapa Fender, ndiyo Jag-Stang. Naipenda sana habari hiyo. Chukua karatasi nawe, andika shingo unayoiweza, pikapu unayoitaka na mkono unaopigia, ndipo uende dukani. Na kabla hujalipa, angalia shingo kwa jicho moja kutoka kichwani hadi kwenye daraja: ikiwa imejipinda kama msokoto, liache hilo gitaa hata wakupunguzie nusu ya bei.