"Macho yake ni nyota" ni sitiari
Dada, umeuliza kama mwanao amepatia kuita "macho yake ni nyota" sitiari. Yuko sahihi: ni sitiari, si tashbihi. Tashbihi lazima iwe na neno la kulinganishia: kama, mithili ya, mfano wa, utadhani. Hapo halipo, macho yamefanywa nyota moja kwa moja. Nafundisha darasa la sita hapa Tanga. Huwaandikia ubaoni "Bahari leo ni kama kioo", halafu nafuta "kama" kwa kidole, inabaki "Bahari leo ni kioo". Wanaelewa papo hapo. Ila si kila "kama" ni tashbihi. "Kama mvua itanyesha, hatutakwenda Raskazone" ni sharti tu, na hapo ndipo watoto wengi hupoteza alama.