Maswali Yenu: Kupaka Rangi Sanamu Kubwa za Watu wa Historia

Barua nyingi safari hii zinahusu sanamu za kichwa na kifua, zile za rezini (plastiki ngumu inayomiminwa ikiwa majimaji) za kipimo cha 1/10, yaani sehemu ya kumi ya ukubwa wa mtu, na zaidi. Tumechagua tano.

Sanamu yangu ni ya Napoleon, kipimo 1/10. Nilipuliza praima (rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine), siku ya pili ikaanza kubanduka puani na masikioni kama ganda la kitunguu. Sehemu nyingine imekwaruza kama msasa. Praima ni mbovu?

Huenda praima haina kosa lolote. Rezini inapomiminwa kwenye kalibu, kalibu hupakwa kwanza mafuta au nta ili sanamu itoke bila kunasa, na mafuta hayo hubaki kwenye vifundo na mikunjo: puani, nyuma ya sikio, chini ya kola. Praima haishiki juu ya mafuta. Osha sanamu kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, kisha iache ikauke usiku kucha. Maji ya moto usiyatumie, maana rezini hulainika na ukingo wa kofia unaweza kupinda.

Kabla ya kupuliza tena, itazame chini ya taa ya pembeni. Utauona mstari mwembamba pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, mara nyingi ukishuka kutoka nyuma ya sikio hadi begani. Ukwangue kwa kisu, kisha piga msasa namba 400 na umalizie na 800, ukilowesha kila mara. Vaa barakoa, kwa sababu vumbi la rezini si la kuvuta. Mwanya kati ya kichwa na shingo uzibe kwa pati ya epoksi, yaani udongo wa kuziba unaokauka na kuwa mgumu, na kuulainisha kwa kidole kilicholowa kabla haijakauka.

Mikwaruzo inatokana na umbali. Ukipuliza kutoka mbali, matone hukauka hewani na kutua yakiwa vumbi. Tikisa kopo dakika mbili nzima, simama sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya sanamu, ipitie, kisha malizia nje. Matabaka mawili au matatu membamba yanatosha. Tabaka moja nene litafukia vinyweleo na mikunjo ya macho, na hapo umeshapoteza uso.

Akriliki au rangi za mafuta?

Zote mbili, kwa zamu. Akriliki, yaani rangi inayozimuliwa kwa maji, hukauka upesi, kwa hiyo ndiyo ya msingi na ya nguo. Mafuta hubaki mabichi kwa saa nyingi, kwa hiyo yanafaa kulainisha mipito ya rangi usoni. Yakamue juu ya kipande cha kadibodi na uyaache nusu saa au zaidi ili kadibodi inyonye mafuta ya ziada. Yatakauka mapema kidogo na hayatang'aa sana. Akriliki usiipake juu ya mafuta ambayo hayajakauka, itapasuka.

Nina sanamu ya Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya Haiti. Kila nikiweka mwanga usoni, ngozi inapauka kama mtu aliyemwagiwa majivu. Naomba mchanganyo sahihi.

Swali hili tunalipenda, maana maelekezo mengi yanahusu ngozi nyeupe tu, na mtu akiyafuata kwenye ngozi nyeusi anaharibu kazi nzuri.

Kinachopausha ni rangi nyeupe. Ukiichanganya na kahawia unapata kijivu cha chokaa. Anza na msingi wa kahawia nyekundu sehemu mbili kwa kahawia iliyokolea sehemu moja. Kwa kivuli, ongeza buluu iliyokolea au zambarau kwenye msingi huohuo; nyeusi tupu huua uhai wa ngozi. Kwa mwanga, ongeza manjano ya udongo, kisha rangi ya chungwa kidogo. Mng'ao wa mwisho kabisa, ule wa nuru ya anga kugonga ngozi, uchanganye na kijivu chepesi chenye buluu. Uweke mdogo na mkali: kwenye paji, kwenye mfupa wa pua, juu ya mfupa wa shavu, katikati ya mdomo wa chini. Ngozi nyeusi huonyesha nuru kwa ming'ao midogo yenye mipaka, tofauti na ngozi nyeupe ambayo nuru husambaa. Ukitandaza mwanga uso mzima, mpauko unarudi palepale.

Kujua mwanga unaanguka wapi, usikisie. Baada ya praima nyeusi, puliza kijivu kutoka pembeni kwa juu, kisha nyeupe kidogo kutoka juu kabisa. Piga picha pande nne. Hiyo ndiyo ramani yako, hata rangi zitakapoifunika.

Uso wa sanamu kubwa hauwezi kuwa na rangi moja iliyokolezwa na kupunguzwa. Katikati ya uso, yaani pua, mashavu na masikio, kuna damu nyingi karibu na ngozi, kwa hiyo pasogeze kuelekea wekundu. Paji la uso lisogeze kidogo kuelekea manjano. Chini, penye ndevu zilizonyolewa, weka ubaridi wa buluu na kijivu. Mdomo wa juu huwa mweusi zaidi kuliko wa chini. Toussaint alifariki Aprili 1803 akiwa kifungoni katika ngome ya Fort de Joux, Ufaransa, mtu mzima wa karibu miaka 60, kwa hiyo kope nzito, mikunjo ya pembeni mwa mdomo na mvi kwenye nywele za kando vina nafasi yake. Kuhusu sura yenyewe una uhuru kiasi: picha yake inayonakiliwa sana, ya mchoraji Maurin, ilichapwa mwaka 1832, miaka 29 baada ya kifo chake.

Rangi hizi zipake kwa matabaka mepesi yanayoonyesha rangi ya chini yake: rangi sehemu moja, maji sehemu nne hadi sita. Chovya brashi, ifute kwenye karatasi laini mpaka isidondoshe, ndipo uguse uso. Vuta kuelekea pale unapotaka rangi ikolee, kwa sababu rangi hukusanyika mahali brashi inapoinuka. Ukivuta kinyume, kivuli kitaangukia kwenye shavu. Subiri dakika mbili au tatu kati ya tabaka na tabaka. Ukiona duara lenye ukingo mweusi, kama alama ya kikombe cha chai mezani, brashi ilikuwa na maji mengi.

Macho yanatoka yamekodoa, kama mtu aliyeshtuliwa. Na Napoleon nimvalishe nini?

Tuanze na macho. Duara la rangi la jicho la mtu mzima lina upana wa karibu milimita 12, kwa hiyo kwenye 1/10 ni milimita 1.2. Wengi wanalifanya kubwa mno, au wanaliacha lielee katikati ya weupe, na hapo ndipo mshtuko unapozaliwa. Kope ya juu lazima ifunike kipande cha duara hilo. Weupe wa jicho nao si mweupe: tumia kijivu chenye tone la pinki, na chini ya kope ya juu weka kivuli. Mstari wa kope uwe wa kahawia iliyokolea. Anza na jicho linalokusumbua zaidi, kisha lile jepesi ulilinganishe nalo. Ukimaliza, itazame sanamu kwenye kioo au igeuze kichwa chini. Makengeza yatajitokeza papo hapo. Nukta ya nuru ikae upande uleule kwa macho yote mawili, kwa mfano juu kushoto.

Mavazi yategemee mwaka. Nishani ya Légion d'honneur ilianzishwa 1802, kwa hiyo Napoleon akiwa bado Jenerali Bonaparte, vitani Italia 1796 au Misri 1798, hawezi kuivaa. Ukitaka mfalme, yaani baada ya kutawazwa Desemba 1804, vazi lake la kila siku lilikuwa koti la kijani la askari wapanda farasi wa walinzi wake, lenye kola nyekundu na epoleti (mapambo ya mabegani yenye nyuzi) za dhahabu, mara nyingi chini ya koti kubwa la kijivu. Kofia yake nyeusi aliivaa pembe zikielekea mabegani.

Kijani kipe mwanga kwa manjano. Nyeupe itakifanya kionekane kama nguo iliyofifia. Kizibao cheupe kianze na kijivu chepesi, na nyeupe safi ibaki kwenye kingo za mikunjo tu. Kwenye epoleti, msingi ni kahawia, kisha dhahabu ya metali, kisha mafuta ya kahawia yaliyozimuliwa yashuke kati ya nyuzi, na mwisho dhahabu yenye fedha kidogo kwa nyuzi za juu. Brashi na maji ya rangi za metali yasichanganywe na ya ngozi. Vipande vidogo vya metali vikishafika shavuni, havitoki.

Nilipuliza vanishi isiyong'aa, sanamu nzima ikapata ukungu mweupe. Nianze upya?

Usianze upya. Unyevu wa hewa umenaswa ndani ya vanishi, au kopo halikutikiswa vya kutosha na unga wake wa kuondoa mng'ao ukatoka kwa mafungu. Subiri siku kavu, puliza tabaka jepesi la vanishi inayong'aa. Mara nyingi ukungu hupotea. Likikauka kabisa, rudia isiyong'aa kwa tabaka mbili nyembamba, kopo likiwa limetikiswa dakika mbili. Ngozi ya mikanda na ukingo wa kofia ipake nusu-mng'ao kwa brashi. Macho yaache mpaka mwisho: tone moja la vanishi inayong'aa kwa kila jicho, na uzi mwembamba wa vanishi hiyohiyo kwenye ukingo wa kope ya chini.