Namna ya Kumtoa Mtoto Uwanjani

Niliwahi kutolewa uwanjani dakika ya 23. Ilikuwa mechi ya ligi ya mkoa, miaka mingi iliyopita, nami ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuitwa mchezaji. Kocha alininyooshea kidole tu. Mwenzangu akavua fulana ya mazoezi akaingia, mimi nikapita mbele ya benchi zima na hakuna aliyeinua macho. Wiki nzima nilijiuliza nimekosa nini. Sikuambiwa, na mpaka leo sijui.

Nimelikumbuka hilo kwa sababu kila mwaka ndugu zetu wengi wanaacha kucheza na kupewa filimbi, wengine kwa kulipwa, wengine kama mimi kwa kujitolea, wakafundishe watoto wa watu. Wanakuja na mazoezi ya mbio na mifumo ya kupanga timu. Kumtoa mtu uwanjani hakuna anayewafundisha.

Mimi nimejifunzia mahali nisipopategemea. Naishi Houston, Texas, mtaa wenye majirani wengi kutoka Bukavu na Uvira, na kijana wangu alipofika miaka tisa aliukataa mpira wa miguu, akataka besiboli kama wenzake wa shule. Sikujua lolote. Kama umecheza rede utotoni unajua kuukwepa mpira. Huku unatakiwa usimame uugonge kwa gongo. Nikaenda uwanjani kumsindikiza, mwalimu wa timu akapungukiwa na msaidizi, nikajikuta nimevaa kofia.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kichuguu. Katikati ya uwanja kuna kilima kidogo cha udongo, mrushaji anasimama pale na kumrushia mpigaji. Mchezo mzima unaanzia kwenye bega lake. Akichoka, timu imekwisha. Na akitakiwa kutoka, kocha hapungi mkono kutoka pembeni wala hainui kibao chenye namba. Anatoka kwenye benchi kwa miguu yake mwenyewe, anapita uwanjani watu wote wakimtazama, anapanda kichuguu na kupokea mpira mkononi mwa mchezaji. Kwenye ligi kubwa ya Marekani anafanya hivyo akiwa amevaa jezi kama wachezaji wake, hata awe mzee wa miaka sabini. Na mchezaji akishatoka, harudi tena siku hiyo.

Mzee mwenyewe niliyekuwa namtazama ni Dusty Baker. Alikuja kuifundisha Astros, timu ya besiboli ya hapa Houston, mwaka 2020, kijiti cha meno kikiwa mdomoni muda wote. Mwanzo nilimtazama kwa sababu ya hicho kijiti. Baadaye nikaanza kufuatilia alikotoka.

Alizaliwa 1949 huko Riverside, California. Alianza ligi kubwa 1968 na Atlanta Braves akiwa na miaka 19, na Hank Aaron, gwiji wa timu hiyo, ndiye aliyemlea. Tarehe 8 Aprili 1974, Aaron alipoupiga mpira wake wa 715 kuvuka uzio na kuipita rekodi ya Babe Ruth, aliyekuwa amesimama pembeni na gongo akisubiri zamu yake ni Baker. Jumla alicheza misimu 19, na mwaka 1981 alitwaa ubingwa akiwa na Dodgers.

Ukocha ndio uliomtesa. Mwaka wake wa kwanza, 1993, San Francisco Giants ilishinda mechi 103 na bado haikufika kwenye mtoano, kwa sababu Atlanta walishinda 104. Mwaka 2002 alifika fainali, ile wanayoiita World Series, dhidi ya Angels. Si mechi moja: wa kwanza kushinda mechi nne ndiye bingwa. Mechi ya sita, Giants wakihitaji ushindi huo mmoja tu, walikuwa wanaongoza 5-0 katika awamu ya saba kati ya tisa. Baker akapanda kichuguu kumtoa mrushaji wake Russ Ortiz, na akamwachia mpira aondoke nao kama kumbukumbu. Angels wakafufuka wakashinda 6-5, na kesho yake wakabeba kombe. Ule mpira ulisemwa sana: eti ni dharau, eti alisherehekea kabla ya wakati. Mimi nimeutazama mkanda ule mara nyingi, na naona mtu anayemwambia kijana wake ahsante. Lakini kocha akifungwa, hata ahsante yake inageuzwa kosa.

Mwaka uliofuata akiwa Chicago Cubs, timu iliyokuwa haijachukua ubingwa tangu 1908, mambo yakawa mabaya zaidi. Mechi ya sita ya nusu fainali dhidi ya Marlins, wanaongoza 3-0, wamebakiza kuwatoa wapigaji watano tu wafike fainali. Mrushaji alikuwa Mark Prior, kijana wa miaka 23. Baker akamwacha. Prior alifika mipira 119 ya kurusha, na katika awamu hiyo moja ya nane Marlins wakapata pointi nane. Baadaye bega la Prior likasumbua mpaka likamwondoa kwenye mchezo mapema, na kwa miaka Baker alibebeshwa lawama kwamba huwaacha warushaji mpaka wanaungua. Wapo wanaobisha, nami si mtaalamu wa mabega. Ninachojua ni kwamba lawama hiyo alitembea nayo kila timu aliyokwenda.

Sasa njoo 2022. Fainali, Astros wanacheza na timu ya Philadelphia, wako nyuma mechi mbili kwa moja, na jana yake wamepigwa 7-0. Kijana Cristian Javier anarusha awamu sita na hakuna mpigaji hata mmoja aliyefanikiwa kumpiga vizuri akafika kituoni. Jambo hilo likiendelea mpaka mwisho ni historia. Fainalini lilikuwa limetokea mara moja tu, mwaka 1956. Javier amefika mipira 97. Mimi niko sebuleni na jirani yangu, tunapiga kelele: mwache! Baker akamtoa. Warushaji wengine watatu wakamalizia, nao hawakupigwa hata mara moja. Wakashinda 5-0, na Jumamosi ya tarehe 5 Novemba, hapa Houston, wakatwaa kombe. Baker alikuwa na miaka 73, na hakuna kocha mzee kuliko yeye aliyewahi kulichukua. Jirani yangu alilia. Hajui hata kanuni za mchezo, lakini alilia.

Baker alipomtoa Javier, mimi nilinyamaza, na nilikuwa na sababu yangu. Miezi michache kabla, nilimwacha mtoto wa miaka 11 kwenye kichuguu kupita kiasi. Kanuni za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kwa umri wake ni mipira 85 kwa siku, na akipita 65 lazima apumzike siku nne. Sikuvunja kanuni. Alikuwa na mipira kama 80, tunaongoza, baba yake anashangilia nyuma ya wavu. Nikaona mara mbili ameutikisa mkono kama mtu anayekung'uta maji, nikajifanya sikuona. Mipira yake ikaanza kwenda hovyo, tukapoteza uongozi, naye akakaa chini palepale kwenye udongo akilia. Ile namba 85 niliisoma kama ruhusa, kumbe ni ukuta wa mwisho.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyafanya siku hizi, na mwenye kufundisha mpira wa miguu, netiboli au chochote anaweza kuchukua yanayomfaa.

Kabla ya mechi namwambia mtoto mwenyewe: leo utarusha mpaka 60, labda 65, kisha anaingia fulani. Akijua mapema, kutoka hakumwaibishi. Nahesabu kwa kalamu na karatasi, maana kichwa cha kocha anayeongoza kinadanganya sana. Naangalia mkono na uso zaidi ya ubao wa matokeo.

Wakati ukifika naenda mimi. Situmi mtu, sipigi mluzi, na kelele za wazazi nazisikia baadaye. Nikifika nasema sentensi moja ya kweli: bega limechoka, umefanya kazi nzuri, nipe mpira. Sihutubii. Akishatoka sikai mbali naye. Anakaa benchi karibu nami, namwuliza anaonaje mpigaji anayefuata, hapo anajua bado ni wa timu. Na sijawahi tena kumtoa mtoto kwa hasira. Akikosea kwa utovu wa nidhamu nangoja mwisho wa awamu, nazungumza naye pembeni.

Wazazi ni habari nyingine, na hapo sina dawa. Yule baba wa nyuma ya wavu hakunisemesha mwezi mzima nilipoanza kumtoa mwanawe mapema. Baadaye mama wa mtoto ndiye aliyekuja na kijidaftari chake, anahesabu mipira na yeye. Tukikosana hesabu tunachukua kubwa.

Na kwa mnaotaka kazi ya kulipwa: Baker alishinda mechi 95 na Washington Nationals mwaka 2016, na 97 mwaka 2017, kisha hakuongezewa mkataba. Akakaa misimu miwili bila timu ya kufundisha. Astros walimwita baada ya kumfukuza kocha wao, kwa kuwa ilibainika kwamba 2017 walikuwa wakiiba ishara za wapinzani kwa kamera na kugonga pipa la taka kumjulisha mpigaji. Aliikubali timu inayozomewa kila uwanja. Hakuwa na muda wa kuchagua.

Jumamosi iliyopita yule kijana wa siku ile, sasa mrefu kunizidi, alifika mipira 58 akaniangalia. Sikuwa nimesimama bado. Akashuka kichuguu mwenyewe akaja kuniletea mpira mpaka kwenye mstari, nikamwambia rudi, mimi ndiye ninayekuja huko. Akarudi, akapanda, akanisubiri.