Maswali ya kijiweni: DT ya marehemu, replika ya Nkuhungu na tairi la inchi 23

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu nilijiandaa kujibu mambo ya boda kama kawaida, cheni, plagi, oil, ila barua mlizonijazia karibu zote ni za mapikipiki ya kale, yale ya madigadi ya juu na tairi za meno. Na mimi huo ugonjwa ninao tangu utotoni kwa hiyo haya, tuongee.

Shikamoo fundi. Niko Mpwapwa. Marehemu baba alikuwa bwana mifugo, alivyostaafu akauziwa ile Yamaha DT 125 aliyokuwa anafanyia kazi. Tangu afariki imekaa banda la kuku miaka 14. Juzi nimeitoa, nikipiga kiki inashuka nusu inagoma. Fundi wa hapa anasema nitupe hiyo injini ya tu-stroku, hii inayochoma oil pamoja na petroli, anifungie ya Toyo cc 150, siku moja tu nimemaliza. Mke wangu anaona sawa. Mimi moyo unasita, maana kitu ninachokumbuka sana ni ule mlio, tulikuwa tunamsikia mzee bado yuko ng'ambo ya korongo na sisi tunaanza kukimbilia mafagio. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzee. Mbona umeshajijibu? Ukifunga injini ya Toyo utabaki na tangi la DT linalolia kama boda za stendi, na hakuna mtoto atakayekimbilia fagio. Halafu kuna jambo fundi wako hajakwambia, namba ya injini iko kwenye kadi, ukibadilisha injini kadi inasema hivi na pikipiki inasema vile. Kabla hujashika spana hebu itafute kwanza hiyo kadi, uone kama bado ina jina la mzee, maana kuihamisha TRA watakudai karatasi za msimamizi wa mirathi na hizo zinaanzia mahakamani, siyo jambo la Jumamosi moja.

Hiyo yako ni ya ukoo wa DT-1, Yamaha waliitoa 1968, cc 250, tu-stroku, silinda moja. Enzi hizo Marekani watu wengi waliotaka pikipiki ya porini walichukua dude la barabarani, zito, wakalivua madigadi wakapambana nalo huko mbugani. Yamaha wakaleta kitu chepesi chenye taa na kila kitu, asubuhi unaenda nacho kazini, jioni unaruka nacho matuta. Ndo maana zikaja kuwafaa watu kama mzee wako, bwana mifugo hana habari na lami, anafuata ng'ombe waliko.

Sasa kazi. Kwanza acha kupiga kiki, utavunja kitu. Fungua plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oil kidogo kwenye silinda, iache siku tatu nne, halafu weka gia ya juu kabisa na uisukume mbele na nyuma polepole kwa tairi. Ikilegea usishangilie, bado fungua silinda uangalie ndani. Ukikuta imekula kutu au ina michirizi, tafuta pistoni KWANZA ndo uende kwa mchonga silinda, wengi wanakosea hapa, wanachonga halafu wanaanza kuhangaika na pistoni isiyopatikana. Oversaizi, yaani pistoni nene kidogo kuliko ya kiwandani, zinapanda kwa 0.25 mm, yaani 0.25, 0.50, 0.75 mpaka 1.00, silinda ichongwe kufuata pistoni uliyoishika mkononi.

Pili, sili za kranki. Badilisha zote mbili hata kama zinaonekana nzima, miaka 14 kwenye joto la Mpwapwa zimeshakauka kama ngozi ya ngoma. Kwenye tu-stroku sili ikivuja injini inavuta hewa ya wizi, mchanganyiko unakuwa hafifu, moto unazidi, pistoni inakamata, na wewe utabaki kulaumu petroli ya kwenye chupa.

Tatu, pampu ya oil. DT ina tangi lake dogo la oil ya 2T, yaani ya tu-stroku, pampu inachanganya yenyewe, Yamaha wanaita Autolube. Pampu iliyolala muda huo wote mimi siiamini. Toa hewa kwenye mpira wake, halafu lita mbili za kwanza changanya na kwa mkono, mil 40 za 2T kwa kila lita ya petroli, itatoa moshi mpaka majirani waje, waache waje. Chora alama ya kalamu kwenye usawa wa oil tangini. Kama umezunguka umezunguka na alama haijashuka hata kidogo, ujue pampu haifanyi kazi, endelea kuchanganya kwa mkono mpaka utengeneze.

Na lile chujio la hewa la sponji usiliache hata siku moja. Mimi niliwahi kuwa na Suzuki TS 185, sponji ikaoza, nikasema nitanunua nikifika Dar, nikatoka hivyohivyo Dodoma kwenda Kondoa, kipindi hicho lami ya Babati bado hatujaiota, ni vumbi mpaka kwenye meno. Kurudi haina nguvu, nikifungua ringi zimebaki nyembamba kama wembe. Vumbi letu la huku ni msasa kabisa. Sponji unafua na mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, ikauke, unaipaka oil, unakamua, unarudisha.

Tangi lisafishe kwa siki na nati ndogondogo ndani, tikisa mpaka mikono iume. Nje USIPAKE RANGI. Pale mzee alipokuwa anabana magoti rangi imeisha, si ndiyo? Basi paache palivyo.

Oya fundi mambo. Mimi ni dereva boda hapa Nkuhungu, nina Toyo. Nimeona picha za motokrosi za kizamani, pikipiki za mashindano ya porini, zile Husqvarna za tangi jekundu na kromu pembeni, nimechanganyikiwa kabisa. Nataka ya kwangu ifanane nayo, nitoe taa, nichomelee shokapu moja nyuma badala ya mbili. Washkaji wananicheka eti feki. Kwani replika ni ushamba?

Poa mdogo wangu. Hao washkaji wanaendesha nini? Toyo nyingi hapa mjini zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG 125 ya 1976, ile ya pushirodi, yaani foo-stroku yenye vijiti vya kusukuma valvu, Honda waliichora makusudi kwa nchi ambazo mtu habadilishi oil mpaka igeuke uji. Wachina wakaiona ngumu wakainakili weee mpaka leo. Kwa hiyo stendi nzima imekaa juu ya replika na wanamcheka mwenzao.

Na huko kwenyewe motokrosi ilikotoka mambo ni hayohayo. Kuna ndugu wawili Waingereza, wakina Rickman, pikipiki yao waliiita Metisse, kwa Kifaransa ni chotara, kwa sababu walianza kwa kuokoteza, injini ya Triumph, giaboksi ya BSA, fokuu za Norton. Baadae wakawa wanauza fremu watu wanajifungia injini wenyewe nyumbani. Leo chotara hizo zinatafutwa kwa tochi.

Ila hiyo ya shokapu moja imenichekesha. Husqvarna unazozisema zina shokapu MBILI nyuma. Moja ilikuja baadae, ni wazo la Mbelgiji mmoja, Lucien Tilkens, Yamaha wakalichukua, dereva wao Håkan Andersson akabebea ubingwa wa dunia wa cc 250 mwaka 1973, halafu 1975 ndo ikaingia kwenye YZ, motokrosi zao za kuuzwa. Kwa hiyo ukichomelea moja utakuwa umetumia hela nyingi kuharibu kopi yako mwenyewe. Hizo mbili ulizonazo ndo sahihi, Mungu kashakusaidia nusu ya kazi.

Tena fremu usiikate kabisa, wewe unabeba abiria, swingamu, ule mkono unaoshika tairi la nyuma, iliyochomelewa uchochoroni ikiachia pale Nkuhungu mnaenda wawili. Taa pia ziache. Motokrosi halisi haina taa kwa sababu haiingii barabarani, ya kwako inaingia kila siku. Wekeza kwenye rimu ya mbele ya inchi 21, usukani mpana wenye chuma cha kukingama katikati, madigadi ya juu, siti iliyonyooka, na tangi peleka kwa mpaka rangi anayejua kazi. Hapo ukikatiza Majengo watu watageuza shingo.

Ubaya ninaoujua mimi ni mmoja tu, kudanganya. Kuna jamaa aliniletea Honda "Elsinore orijino ya 1973", motokrosi ya kale ya Honda, anataka hela za kiwanja. Stika safi, mstari wa kijani tangini safi. Nikainama, naona injini ya pushirodi. Elsinore ni tu-stroku! Bado nikamwacha aendelee kuongea. Mfukoni nina sumaku niliyong'oa kwenye spika mbovu, nikaisogeza kwenye tangi, paap, ikanasa. Tangi la Elsinore ile ni la aluminiamu, sumaku hainasi hata ukiibembeleza. Jamaa akakunja kadi yake taratibu akaomba maji ya kunywa. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri sana, angesema ameitengeneza kwa mikono yake ningemnunulia na soda.

Fundi habari, nipo Singida. Nimenunua Honda XL 250S, tairi la mbele limekwisha, nikipima rimu napata inchi 23. Wauza tairi wote wananiangalia kama mlevi. Je nimepima vibaya?

Hujapima vibaya na hujalewa. XL 250S zilizoanza 1978 zilitoka na inchi 23 mbele, Honda waliona tairi kubwa linapanda mawe kirahisi. Kweli linapanda, lakini dunia nzima haikuwafuata, na 250R iliyofuata wakarudi kwenye 21. Kwa hiyo tafuta rimu ya 21, tumia habu yako hiyohiyo, spoku zitakuwa fupi kwa kama mil 25 hivi, mpe fundi kazi ya kuzikata na kuzichonga hesi upya. Mbele itashuka kidogo, usukani utakuwa mwepesi zaidi, na mita ya spidi itakudanganya, ikisoma 80 wewe uko kama 75. Ile rimu ya 23 usimpe mtu wa chuma chakavu, itundike ukutani, siku ukiiuza hiyo pikipiki mnunuzi ataiulizia.

Habari za kazi. Mimi ni mkunga mstaafu hapa Kondoa, nina miaka 68. Nasoma humu kila mara mnaongea "mzee alikuwa na pikipiki, baba alikuwa na pikipiki". Na sisi je? Nimeendesha XL 125 miaka mingi kwenda kliniki za vijijini, boksi la chanjo nimelifunga nyuma kwa mpira wa tyubu. Kuna kijiji wanaume walikuwa wanatoka kumpokea mganga, nikivua kofia wanaangaliana. Sasa mjukuu wangu kanunua moja kama ileile, nimeipanda, vidole tu ndo vinagusa chini. Inaweza kushushwa bila kuharibiwa?

Shikamoo mama, na umenipata, nakiri. Kwenye hiyo TS yangu niliyoisema hapo juu mtu wa kwanza kunifundisha kubana klachi alikuwa nesi, sijui kwa nini sikumtaja.

Inashuka. Mwambie mjukuu alegeze zile kleemu za fokuu pale juu, apandishe mabomba ya fokuu mil 10 mpaka 15, asizidi hapo, akaze. Shokapu za nyuma azirudishe kwenye nochi laini kabisa. Siti aivue kava, apunguze sponji kwa kisu chenye makali, kidogo kidogo, wewe unakaa unapima anapunguza tena, na kipande alichokata akitunze. Kuna kimoja watu wanasahau, ukiishusha pikipiki, stendi ya pembeni inakuwa ndefu, itasimama wima mno na upepo wa Kondoa utailaza upande wa pili. Ikatwe kidogo nayo.

Na picha naiomba mama, ukiwa juu yake. Kama lile boksi la chanjo bado lipo lifungwe palepale nyuma, kwa mpira wa tyubu.