Kulipa matibabu hakumpi tajiri haki ya kuona majibu ya mgonjwa

Ndugu yetu ameuliza kama tajiri wake, mwenye mitumbwi ya dagaa kwenye mwalo mmoja hapa Mwanza, alikuwa na haki ya kuchukua majibu ya vipimo vyake zahanati kwa sababu yeye ndiye aliyelipa. Jibu langu ni hapana, na nalitoa kama mtu niliyefanya kazi kwa miaka kwenye chumba cha mafaili ya wagonjwa katika hospitali ya kando ya ziwa.

Aliyelipa anastahili risiti; majibu ni ya mgonjwa. Kwa VVU, sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inaelekeza majibu apewe aliyepimwa, na imewataja wachache wengine wanaoweza kupewa, kama vile mzazi au mlezi wa mtoto, mwenza na mahakama. Mwajiri hayumo, badala yake ametajwa miongoni mwa wanaopaswa kutunza siri. Kwa maradhi mengine ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kwa kawaida mtu hawezi kuzitumia wala kuzitoa bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe.

Matajiri niliowaona hawakwenda kwa daktari. Walikuja dirishani kwetu na kusema kwa upole, "Mdogo wangu, huyu kijana ni mtu wangu, hebu niangalizie anaumwa nini." Wengi wao walikuwa na hofu ya kweli, maana mvuvi anayezidiwa usiku katikati ya maji huhatarisha wenzake pia. Lakini kambini watu hula chungu kimoja na kulala pamoja, hivyo neno likishatoka dirishani halichukui muda kufika kwa kila mtu. Mvuvi anashushwa mtumbwini, mara nyingi bila mkataba wa maandishi wa kumtetea, na akiugua tena anavuka kwenda kisiwa kingine asikojulikana. Huko anafunguliwa faili jipya, na daktari hajui ni dawa gani alikwisha kutumia. Ndiyo maana nashikilia kwamba kutunza siri ni sehemu ya tiba yenyewe.

Tajiri anachohitaji kujua ni kama mtu wake anaweza kuingia majini, na asipoweza, apumzike siku ngapi. Hilo linatosha kuandikwa kwenye barua ya daktari, bila jina la ugonjwa, naye mgonjwa akaipeleka mwenyewe. Hata kifua kikuu, ambacho huwalazimu wahudumu wa afya kuwachunguza walioishi na mgonjwa, hakimfanyi tajiri awe msambazaji wa habari.

Kwa yaliyokwisha kutokea, andika malalamiko kwa mganga mfawidhi, ukitaja tarehe na aliyetoa majibu, ubaki na nakala. Usiporidhika, peleka shauri Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ikiwa umeachishwa kazi kwa sababu ya VVU, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi huo. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, kwa kuwa mgogoro wa kuachishwa kazi hutakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 30.